Meno Bandia Yanayokaa: Kwa Nini Kipimo cha Kinywa Huchukuliwa Mara Mbili

Katika familia zetu nyingi yupo mzee mwenye meno bandia asiyoyavaa. Yamewekwa ndani ya kikombe juu ya kabati, au yamefungwa kwenye kitambaa, na hutolewa siku ya arusi au siku ya kupigwa picha. Akiulizwa sababu, hujibu kwa upole kwamba yanamuumiza, au yanacheza kinywani, au yalimponyoka siku moja alipokuwa akizungumza mbele za watu. Tangu siku hiyo hupendelea uji na vyakula vilivyopondwa, hula baada ya wengine kumaliza, na katika jumuiya ndogo ndogo hukataa kusoma ingawa zamani alikuwa msomaji hodari. Familia nayo huhitimisha kwamba meno bandia ndivyo yalivyo, na kwamba uzee hauna budi kuvumiliwa.

Hitimisho hilo halina haki kwa mzee huyo. Kwa sehemu kubwa, kasoro za meno bandia kamili huanza mapema sana, kabla hata jino moja halijapangwa: huanza siku ya kuchukua kipimo. Makala haya yanakusudia kueleza, hatua kwa hatua, jinsi kipimo cha kinywa kisicho na meno kinavyochukuliwa, jinsi modeli ya taya inavyotengenezwa kutokana na kipimo hicho, na kwa nini kazi hiyo humrudisha mgonjwa kwa daktari mara kadhaa. Anayeielewa sababu ya safari hizo hatazikatisha njiani, wala hatavutwa na mtu anayeahidi meno kamili kwa siku moja.

Jambo hili linawahusu watu wengi. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 kuhusu hali ya afya ya kinywa inakadiria kuwa takribani asilimia 7 ya watu wenye umri wa miaka 20 na zaidi duniani hawana jino hata moja, na kwa wale waliofikisha miaka 60 na zaidi kiwango hicho ni takribani asilimia 23.

Kinywa kisicho na meno

Jino la asili limepandwa ndani ya mfupa wa taya, nalo hushikwa na nyuzi ndogo mno ambazo hupokea nguvu za kutafuna na kuzisambaza mfupani. Meno yakishang'oka yote, nyuzi hizo hutoweka pamoja na mizizi. Kinachobaki ni tuta la mfupa lenye umbo la kwato ya farasi, lililofunikwa na ufizi. Meno bandia kamili, yaani seti inayochukua nafasi ya meno yote ya taya, hayana mzizi wa kushikilia. Hulala juu ya ufizi huo laini, ambao kwa asili haukuumbwa kubeba mzigo wa kutafuna.

Tena eneo lenyewe ni dogo. Kwa wastani, sehemu inayoweza kubeba meno bandia katika taya la juu ni takribani sentimita za mraba 23, na katika taya la chini ni takribani sentimita za mraba 12 tu. Taya la chini basi hupokea mzigo ule ule juu ya karibu nusu ya eneo, na zaidi ya hayo lina ulimi katikati yake usiotulia. Ndiyo maana malalamiko mengi ya wazee huhusu meno ya chini.

Kitu gani basi huyashika meno hayo yasianguke? Chukua vipande viwili vya kioo, uvilowanishe kwa maji na kuvibandika pamoja. Ukijaribu kuvitenganisha kwa kuvivuta moja kwa moja utaona ugumu, kwa sababu tabaka jembamba la maji limevishikanisha. Mate hufanya kazi hiyo hiyo kati ya ufizi na meno bandia. Lakini nguvu hiyo hudai masharti mawili: nyuso mbili zifuatane kwa karibu sana bila uwazi, na kingo zizibwe pande zote ili hewa isipenye. Yakitimia hayo, misuli ya mashavu, midomo na ulimi hujifunza taratibu kuyashika meno badala ya kuyasukuma. Masharti yote mawili ya mwanzo huamuliwa na kipimo.

Nakala ya kinyume na nakala iliyo sawa

Waliosoma falsafa wanaukumbuka mfano wa Aristotle wa nta na pete ya muhuri: nta hupokea umbo la pete bila kupokea chuma wala dhahabu yake. Kipimo cha kinywa ni jambo la namna hiyo hiyo. Daktari huweka kinywani kitu laini, kitu hicho hugandamana na ufizi, kisha huganda na kutolewa kikiwa na umbo la taya kwa kinyume: palipo na kilima kinywani, kipimo kina bonde. Plasta ikimiminwa ndani ya kipimo hicho na kukauka, hupatikana umbo lililo sawa na taya lenyewe. Hiyo ndiyo modeli. Mgonjwa anaweza kurudi nyumbani, lakini taya lake, kwa namna ya nakala, limebaki mezani kwa fundi sanifu wa meno.

Wazo hili linaonekana jepesi, lakini lilichelewa kufika. Kabla yake, mafundi walichonga meno bandia kutoka katika pembe za ndovu au meno ya kiboko, wakijaribu kinywani na kuchonga tena hadi yakaribiane na ufizi. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alivaa seti kadhaa zilizotengenezwa kwa pembe, madini na meno ya binadamu, zikishikiliwa kwa springi za chuma. Hadithi kwamba meno yake yalikuwa ya mbao si ya kweli. Springi zilihitajika kwa sababu meno hayakuwa na mgusano wa karibu na ufizi, hivyo ilibidi yasukumwe mahali pake kwa nguvu ya chuma.

Mwaka 1756 Philipp Pfaff, daktari wa meno wa Mfalme Frederick wa Pili wa Prussia, alieleza katika kitabu chake jinsi ya kuchukua kipimo kwa nta iliyolainishwa na kumimina plasta ili kupata modeli. Karne moja baadaye, huko London, Charles Stent aliboresha kompaundi ya kuchukulia vipimo iliyolainika kwa joto. Jina lake limebaki katika lugha ya tiba hadi leo, katika neno stenti, kijimrija kinachotumika kutanua mishipa ya moyo. Katika kipindi hicho hicho mpira uliotiwa salfa kwa njia ya Charles Goodyear uliwezesha kutengeneza kitako cha meno kwa kukikandamiza juu ya modeli, na kazi ya kuchonga pembe ikaisha. Mwishoni mwa miaka ya 1930 akriliki ilianza kuchukua nafasi ya mpira, nayo ndiyo inayotumika hadi leo kwa watu wengi. Tangu hapo, ubora wa meno umetegemea ubora wa modeli, na ubora wa modeli umetegemea kipimo.

Kipimo cha kwanza

Kazi huanza kwa daktari kukagua kinywa kwa macho na kwa vidole. Hutafuta mizizi iliyobaki, vidonda, ncha kali za mfupa na sehemu za ufizi zinazoyumba. Kisha huchagua trei ya chuma au ya plastiki inayokaribia ukubwa wa taya. Trei hizi hutengenezwa viwandani kwa saizi chache, na hakuna kinywa kinacholingana nazo barabara.

Ndani ya trei hiyo huwekwa moja kati ya vitu viwili. Cha kwanza ni kompaundi, ambayo ni ngumu kama lakiri ikiwa baridi, na hulainika katika maji ya moto. Cha pili, kinachotumika sana, ni aljineti, unga unaochanganywa na maji na kuwa uji mzito unaoganda kama ute mgumu katika dakika chache. Aljineti hutokana na mwani. Huu si mwani unaolimwa na akina mama wa Zanzibar, ambao ni wa jamii nyekundu na hutoa kitu kingine, bali ni mwani wa kahawia wa bahari za baridi. Kwa kuwa joto huharakisha kuganda kwake, katika maeneo yetu ya joto inafaa kutumia maji ya baridi, la sivyo uji huganda kabla ya kufika kinywani.

Wakati huu mgonjwa huketi wima, hupumua kwa pua, na huinamisha kichwa mbele kidogo ili uji usishuke kooni. Wazee wengi huogopa kutapika. Hilo si jambo la aibu, nalo lisemwe kwa daktari mapema, kwa kuwa zipo njia za kulipunguza.

Kipimo cha aljineti kina udhaifu mmoja mkubwa: kimejaa maji. Kikiachwa mezani hunywea, na kikizamishwa majini huvimba. Kwa hiyo husafishwa mate, huuliwa vijidudu, hufunikwa kwa kitambaa chenye unyevu, na plasta humiminwa haraka, ikiwezekana ndani ya robo saa. Kipimo kilichosafirishwa siku nzima kwa basi kwenda maabara ya mji mwingine bila kumiminwa plasta tayari kimeshabadilika umbo, hata kama kwa macho kinaonekana kizuri.

Kutokana na kipimo hiki hupatikana modeli ya kwanza. Wapo wanaodhani kwamba hapo kazi ya kipimo imeisha, na wapo mafundi wasio waaminifu wanaopanga meno juu ya modeli hiyo moja kwa moja. Hapo ndipo meno ya kwenye kikombe huzaliwa. Trei ya kiwandani ni pana na imesukuma mashavu na midomo mbali na mahali pake. Kingo zake zimerefuka kupita kiasi upande mmoja na kupungua upande mwingine. Modeli ya kwanza inaonyesha sura ya jumla ya taya, lakini haionyeshi kwa uhakika meno yaishie wapi.

Trei ya mtu mmoja

Matumizi halisi ya modeli ya kwanza ni kutengenezea trei mahususi ya mgonjwa huyo peke yake. Fundi huchora mpaka juu ya modeli, hufunika baadhi ya sehemu kwa tabaka jembamba la nta, kisha hutandaza akriliki juu yake. Kingo za trei huachwa pungufu kwa takribani milimita 2 kutoka chini ya mfereji ulio kati ya shavu na ufizi. Upungufu huo ni wa makusudi. Nafasi hiyo itajazwa katika ziara ya pili, nayo itajazwa na mgonjwa mwenyewe kwa mwendo wa misuli yake.

Kipimo cha pili

Katika ziara hii daktari hulainisha kijiti cha kompaundi juu ya moto, huweka kiasi kidogo kwenye ukingo wa trei, hukipoza kidogo katika maji ya uvuguvugu ili kisiunguze, na kuingiza trei kinywani. Kisha huvuta shavu nje, chini na mbele, au humwomba mgonjwa afanye kama anayetamka herufi za "u" na "i". Kwa meno ya chini humwomba atoe ulimi, aupeleke kulia na kushoto, ameze mate. Kwa meno ya juu humwomba afungue kinywa kwa upana na kusogeza taya la chini pande zote. Kila mwendo unasukuma kompaundi laini na kuiachia alama ya mahali ambapo msuli unapita. Kazi hii hufanywa kipande kwa kipande hadi trei yote izungukwe.

Zile nyuzi ndogo za nyama zinazounganisha mdomo na ufizi, ambazo kila mtu anaweza kuzigusa kwa ncha ya ulimi wake, huachiwa kipenyo chake. Ukingo ukiwa mrefu mno mahali hapo, meno yatakata ufizi na kuleta kidonda. Ukiwa mfupi mno, hewa itapenya na meno yataanguka. Hapa mgonjwa anayefuata maelekezo kwa bidii anamsaidia daktari kuliko anavyodhani. Anayekaa kimya bila kusogeza chochote hupata meno yanayomfaa mtu asiyezungumza wala kula.

Nyuma ya kinywa, daktari hutafuta mstari ambao kaakaa laini huanza kutikisika. Humwambia mgonjwa aseme "aaa", na mstari huo huonekana. Meno ya juu yataishia hapo. Yakivuka, yatasababisha kichefuchefu. Yakiishia mbele zaidi, hayatakuwa na kizibo cha hewa.

Kingo zikiwa tayari, nta iliyoacha nafasi ndani ya trei huondolewa, na hupakwa tabaka jembamba la kimiminika kinachochukua kila mkunjo wa ufizi. Kwa miaka mingi kimiminika hicho kimekuwa mchanganyiko wa oksaidi ya zinki na yujenoli. Yujenoli ndiyo kiini cha mafuta ya karafuu, na harufu ile inayojulikana ya kliniki za meno ni harufu ya mashamba ya Pemba. Katika kliniki nyingine hutumika silikoni, ambayo ni ghali zaidi lakini haiwashi, nayo huhifadhi umbo lake kwa muda mrefu. Midomo hupakwa mafuta ya mgando kwanza, kwa sababu mchanganyiko wa zinki hunata kwenye ngozi.

Kubana au kutobana?

Swali moja limewagawa wataalamu kwa karne nzima: wakati wa kuchukua kipimo, je, ufizi ubanwe au uachwe katika utulivu wake? Swali hili linastahili kueleweka, kwa kuwa maumivu ya wazee wetu hutegemea jibu lake.

Mwanzoni mwa karne ya 20, ndugu wawili wa Marekani, akina Greene, walifundisha kuchukua kipimo huku mgonjwa akiuma, ili ufizi ubanwe kama utakavyobanwa wakati wa kutafuna. Meno yaliyotokana na njia hiyo yalishika vizuri sana mwanzoni. Lakini binadamu hatafuni saa zote. Anapotulia, ufizi uliobanwa hutaka kurudi katika umbo lake na huyasukuma meno. Tena shinikizo la kudumu huudhoofisha mzunguko wa damu, na mfupa ulio chini yake hupungua.

Miaka kadhaa baadaye Mmarekani mwingine, Harry Page, alifundisha kinyume chake. Aliegemea kanuni ya Blaise Pascal, mwanafalsafa na mwanasayansi Mfaransa wa karne ya 17, isemayo kwamba shinikizo juu ya kimiminika kilichofungiwa husambaa sawasawa pande zote. Kwa kuwa ufizi umejaa maji, alisema, basi tuunakili ukiwa umetulia kabisa. Hoja hiyo ina ukweli wake, lakini ufizi si chombo kilichofungwa: maji yake huhama kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Tena meno yaliyotengenezwa hivyo yalikuwa na kingo fupi, hivyo yalikosa kizibo cha hewa na kuachia.

Njia inayofundishwa zaidi leo ni ya tatu, iliyohusishwa kwa namna ya pekee na Carl Boucher, naye wa Marekani. Inasema kwamba kila sehemu ya kinywa ipewe mzigo kadiri ya uwezo wake. Katika taya la juu, kaakaa gumu pande mbili za mstari wa katikati pamoja na tuta la ufizi huweza kubeba. Kivimbe kidogo kilicho nyuma ya mahali pa meno ya mbele hakiwezi, kwa kuwa chini yake hupita neva na mishipa ya damu. Katika taya la chini, uwanda wa mfupa mgumu ulio kando ya tuta upande wa shavu, mahali pa magego, ndio nguzo kuu. Kwa hiyo nta huwekwa ndani ya trei mahali pasipotakiwa kubanwa, na trei huachwa iguse mahali panapoweza kustahimili. Tuta likiwa limelegea na kuyumba, kama linavyokuwa kwa waliovaa meno mabovu kwa miaka mingi, trei hukatwa dirisha mahali hapo, na sehemu ile hupakwa kwa brashi kitu chepesi kisichoisukuma upande wowote.

Modeli ya mwisho

Kipimo cha pili kikishakubaliwa, hupelekwa maabara. Fundi huzungushia nta pande zote, chini kidogo ya ukingo, kisha huinua ukuta wa nta na kufanya kama sanduku. Kusudi lake ni kulinda unene wa kingo ambazo zilitafutwa kwa taabu kinywani. Modeli iliyomiminwa bila ulinzi huo hupoteza kingo wakati wa kusawazishwa.

Plasta zote hutokana na jasi, madini yale yale yanayochimbwa Makanya na Itigi na kutumika viwandani kutengenezea saruji. Jasi ikichomwa hupoteza sehemu ya maji yake na kuwa unga. Unga ukirudishiwa maji huganda na kutoa joto. Modeli ya kwanza hutengenezwa kwa plasta ya kawaida, ndugu wa ile afungwayo mtu aliyevunjika mguu. Modeli ya mwisho hutengenezwa kwa aina ngumu zaidi iitwayo jiwe la meno. Tofauti yao imo katika chembechembe: zile za plasta ya kawaida zina matundu na hudai maji mengi, kama mililita 50 kwa gramu 100 za unga, ilhali jiwe la meno huhitaji mililita 30 hivi. Maji yaliyozidi yakikauka huacha vitundu, na vitundu ni udhaifu. Fundi anayeongeza maji ili uji uwe rahisi kumiminika anajirahisishia kazi kwa hasara ya mgonjwa.

Unga hutiwa ndani ya maji taratibu, hukorogwa, na bakuli hutikiswa ili mapovu yatoke. Uji humiminwa kutoka upande mmoja ili usukume hewa mbele yake. Povu moja lililobaki juu ya tuta huwa shimo katika modeli. Akriliki itaingia katika shimo hilo, na mgonjwa atapata kinundu kinachochoma ufizi wake kama punje ya mchanga ndani ya kiatu. Baada ya takribani saa moja modeli hutolewa kwa uangalifu, kwa kulainisha kipimo katika maji ya uvuguvugu.

Juu ya modeli hiyo, mahali pa mstari ule wa "aaa", daktari hukwangua kidogo, pungufu ya milimita moja au karibu yake. Kwa hiyo akriliki ya mahali hapo itakuwa imeinuka kidogo na kukandamiza kaakaa laini, na hewa haitapenya.

Kutoka modeli hadi meno

Kilichobaki tukieleze kwa ufupi. Juu ya modeli hujengwa vitako vyenye kuta za nta, na katika ziara ya tatu daktari huvitumia kupima urefu wa uso na jinsi taya mbili zinavyokutana. Modeli mbili hufungwa kwenye atikuleta, kifaa chenye bawaba kinachoiga mwendo wa taya, na meno hupangwa katika nta. Katika ziara ya nne mgonjwa huyajaribu meno yakiwa bado katika nta. Hapo ndipo mahali pa kusema kama ni marefu mno, au meupe mno, au kama matamshi yamebadilika, maana nta husahihishika kwa dakika chache. Mgonjwa akisharidhika, modeli na nta huzikwa ndani ya plasta katika chupa ya chuma, nta huyeyushwa kwa maji ya moto, na nafasi yake hujazwa akriliki inayopikwa kwa saa kadhaa. Meno yanapotolewa, kwa kawaida modeli huvunjika. Ziara ya tano ni ya kukabidhiwa, na baada yake huwepo ziara za marekebisho.

Siku hizi katika baadhi ya nchi na hospitali kubwa umbo la kinywa huchukuliwa kwa kamera maalumu na modeli kuchapwa kwa mashine. Hata hivyo kamera huona ufizi ulivyotulia. Haihisi kwa urahisi mwendo wa mashavu na ulimi. Kwa hiyo, kwa kinywa kisicho na jino hata moja, mkono wa daktari na kijiti cha kompaundi bado vina nafasi yao.

Mambo ya kuzingatia katika familia

Kwanza, ufizi upone kabla ya kipimo. Baada ya kung'oa meno ya mwisho, daktari hushauri kusubiri wiki kadhaa, mara nyingi miezi miwili au mitatu, kwa kuwa mfupa hupungua kwa kasi katika kipindi hicho.

Pili, anayevaa meno ya zamani ayavue angalau saa 24 kabla ya kipimo, au zaidi kadiri atakavyoelekezwa. Ufizi uliobanwa na meno mabovu una umbo la meno hayo mabovu, na kipimo kitanakili kasoro.

Tatu, ulizeni kwa heshima: je, mtamtengenezea mzee trei yake mwenyewe? Je, kutakuwa na kipimo cha pili, na je, atayajaribu meno kabla hayajapikwa? Daktari mwema hatakasirishwa na maswali hayo. Anayejibu kwamba yote hayo ni kupoteza muda amekupa taarifa unayoihitaji.

Nne, pangeni nauli na muda kwa ziara tano hivi tangu mwanzo, pamoja na marekebisho. Wazee wengi huishia njiani kwa sababu mtoto aliyemsindikiza mara ya kwanza na ya pili hakupatikana mara ya tatu.

Tano, kidonda kikitokea, meno yasikwanguliwe nyumbani kwa kisu wala kwa tupa. Yavaliwe siku ya kwenda kwa daktari ili aone yanapogusa. Usiku yavuliwe, yasuguliwe na kuwekwa katika maji safi, na ufizi upumzike.

Sita, meno yaliyokaa vizuri leo yatalegea baada ya miaka. Utafiti wa Antje Tallgren uliochapishwa mwaka 1972 ulionyesha kwamba mfupa huendelea kupungua kwa miaka mingi baada ya meno kung'oka, na kwamba sehemu ya mbele ya taya la chini hupungua karibu mara nne ya ile ya taya la juu. Meno yakianza kulegea, kipimo kipya kinaweza kuchukuliwa ndani ya meno hayo hayo na kitako kikaongezwa akriliki, bila kununua seti mpya.

Mzee anayeweza kutafuna hula pamoja na wengine chakula kile kile, na anayeweza kutamka maneno bila hofu hurudi kusimulia, kushauri na kusoma. Hayo ndiyo yanayotafutwa katika zile ziara mbili za vipimo. Kwa hiyo, mzee wako akikuambia kwamba daktari amemwita tena kwa kipimo kingine, usiseme wanamsumbua. Mpe nauli, na ikiwezekana mfuate.